Themanini na Sita

Waliazima sufuria yangu Jumatatu asubuhi,
ile kubwa, yenye kishikio kimoja,
wala hawakusema ni ya nini.
Nikajua tu Wiki ya Sayansi imeingia,
maana ukuta wa darasa la sita ulikuwa umevaa:
sayari za karatasi, moyo wa lama kwa wino mwekundu,
na dirishani maharage yameoteshwa kwenye pamba,
maharage yangu, ya ghalani, niliyoyahesabu
na hesabu ikapungua.

Mimi ndiye mpishi wa shule hii, Tomasa Villca,
mita elfu nne na mia mbili juu ya bahari
ambayo sijawahi kuiona.
Huku ukipanda ngazi saba unapumua kwa awamu.
Miaka kumi na tisa nimepigana na maharage:
nayabandika kabla barafu haijaachia mfereji,
saa sita mchana bado yanagonga sahani
kama kokoto.
Nimelaumu gesi. Nimelaumu wachuuzi wa Oruro.
Nimemlaumu hata marehemu mume wangu,
aliyeinunua sufuria.

Mwalimu Nilda akasoma kwa sauti:
maji huchemka kwa nyuzi mia moja.
Kitabu kipya, kimefika na sanduku kutoka La Paz,
bado kinanukia gundi,
na humo sandukuni vipimajoto vitatu
vimelazwa kama watoto njiti.

Nilisimama mlangoni na mwiko wangu.
Kwanza vipovu vya aibu, chini kwa chini,
kisha tokota, tokota,
kisha fujo; mvuke ukapaa,
Zohali ikabanduka ukutani ikadondoka.
Ule uzi mwekundu ukapanda, ukapanda,
ukafika themanini na sita,
ukagoma.

"Kimekufa," akasema Rufino.
Wakatia cha pili. Themanini na sita.
Cha tatu.
Wakaongeza moto: maji yakazidisha kelele,
uzi haukusogea hata unywele.

Kitabu upande huu, sufuria upande ule,
na mmoja wao mwongo.
Nilimwona mwalimu, jibu limemjaa mdomoni
kama uji wa moto.
Akalimeza.
Akauliza tu: "Nani ana ndugu anayeishi chini?"

Yola ana shangazi Arica, huwapikia makuli bandarini.
Simu ikapigwa, tukasikia shakwe,
tukasikia shangazi akinung'unika kwamba watu wana kazi,
kisha akatumbukiza kipimajoto chake cha mafuta ya samaki.
"Mia. Haya, kuna nini?"

Mimi ndiye niliyepaza sauti kutoka mlangoni:
"Na maharage?"
"Saa moja na nusu, mama. Kwani?"

Kwani!
Nikakaa pale pale kizingitini.

Wakanieleza, kila mtoto akimkatiza mwenzake:
kwamba hewa ni mzigo, nasi huku tumepunguziwa,
kwamba maji yasiyolemewa hukurupuka mapema,
yakachemka kabla hayajawa na moto wa kutosha.
Nilielewa nusu. Nusu hiyo yatosha kupikia.

Hakuna aliyesema kitabu kimeongopa.
Kiliandikwa ufukweni, basi.
Yola akachonga penseli, akaandika pambizoni
kwa herufi ndogo, kama mtu anayemsahihisha mgeni:
*Huku kwetu ni 86. Tumepima mara tatu.*
Na mwalimu, ambaye hupiga meza
mtu akikunja tu kona ya ukurasa,
akatia sahihi chini yake.

Sufuria ilirudi imechelewa. Maharage yakagonga sahani.
Usiku, peke yangu, nikamwambia marehemu
samahani.

Asubuhi nikamwomba Yola aniandikie barua ya wilayani:
tunaomba sufuria ya presha, lita ishirini.
Penye sababu nilimwambia aweke namba tu.

Bado hawajajibu.