Polepole Kuliko Povu

Daktari Umazi kanionyesha kichupa,
maji meupe kama tui la pili.
"Ni povu," akasema. "Tutakutia mshipani."

Nikacheka. Nikamkumbuka Nyamawi.

Miaka ishirini na sita nilizamia Kilindini
nikikwangua kome kwenye matumbo ya meli,
giza tupu, tope, mkono ndio jicho.
Sheria ilikuwa moja, tulifundishwa kwa makofi:
povu likiingia damuni, umekwisha.
Panda polepole kuliko kiputo chako kidogo kabisa.
Nyamawi alipanda upesi, siku ya mshahara,
akaibukia Mbaraki anacheka.
Magharibi haijaingia, miguu ikamkana.
Hadi leo yuko Mtongwe, kitini, anauza vocha.

Sasa binti huyu, rika la kitindamimba wangu,
ataka kunijaza kile nilichokikimbia.

"Hivi si vile," akasema.
"Mia mbili vikipanga foleni
ndipo vifikie unene wa unywele mmoja.
Ngozi yake mafuta, ndani hewa nzito isiyoyeyuka upesi,
na kwenye ngozi tumepachika dawa.
Vitajipenyeza pale mishipa ya uvimbe inapovuja.
Kisha nitavipigia sauti."

Sauti gani?

"Usiyoisikia wewe."

Hapo nikanyamaza. Sauti naijua.
Kule chini feri ya Likoni ilinigonga mbavuni
kabla haijafika masikioni;
niliijua hata ile yenye pangaboi bovu.

Nikalala. Jeli baridi tumboni,
konyeza asiyewasha.
Kwenye kioo ini langu lilikuwa maji ya bandari,
kijivu juu ya kijivu.

Kisha vikafika.

Cheche. Cheche tena. Ukingo ukawaka,
mviringo, kadiri ya ndimu,
mgeni niliyemlisha mwaka mzima bila kumjua jina.

"Sasa navipasua." Akageuza kitufe.
Nikangoja viungo viume, kile kidonda cha Nyamawi.
Hakuna.
Kiooni cheche zikazimika mle mle ndani ya ndimu,
kila moja ikitua mzigo wake
kama kuli aliyefika ghala alilotumwa.

"Na hewa yake? Yaenda wapi?"

"Mapafuni. Utaitoa kwa pumzi."

Kama nitapona, hakusema.
Karatasi niliyotia sahihi ina neno "majaribio"
mara saba. Nimehesabu.

Nje, njia ya Tononoka, mwanangu anapunga mkono:
Baba, fanya haraka, tuktuk yangoja.

Naingoje.
Nimesimama ngazini, nimeshika chuma,
natoa pumzi kidogo kidogo,
napanda
polepole kuliko povu langu.