Kimya Hakina Kitufe

Miaka thelathini na mmoja Lavonne Trezise
aliketi chini ya kiti cha jaji, mjini Butte, Montana,
vidole juu ya mashine isiyo na mlio.
Lisemwalo liandikwe. Lisiongezwe nukta,
lisipunguzwe kwikwi.
Shahidi akisema sikumbuki, aliandika sikumbuki,
hata pale macho ya shahidi
yalipokuwa yakikumbuka waziwazi.

Kimya hakina kitufe.
Aligundua wiki ya kwanza, kesi ya talaka.
Mume aliulizwa, "Ulimpenda?"
Akaitazama saa ya ukutani,
mshale wa sekunde ukazunguka mara mbili:
kimya kingi, na mshindo haukuja.
Kwenye kumbukumbu za mahakama, swali limefuata swali,
kama ngazi iliyong'oka kipandio.
Jioni ile, ndani ya gari, hita ikikohoa,
nyuma ya risiti ya petroli
akaziandika zile dakika mbili.

Baba yake alikuwa mchimba shaba.
Vumbi lilipomkaa mapafuni
alianza kusema kwa kubana matumizi:
"Mlango." "Maji." "Umekua."
Huenda ndiko alikojifunzia kukata mshororo,
pale pumzi inapokwisha, si pale maana inapokwisha.

Vitabu vitatu. Cha kwanza, nakala mia tatu,
na mia moja na themanini bado zimo gerejini
kati ya matairi ya theluji na kopo la rangi.
Mhakiki mmoja wa mji mkubwa aliandika: mkavu.
Lavonne alicheka hadi akavua miwani.
"Nimekulia ukingoni mwa shimo la maji ya sumu," alisema.
"Ukavu kwetu ni afya."

Mimi nilikuwa mlinzi wa mlangoni.
Kila asubuhi nilipekua mkoba wake:
chupa ya chai, tufaha, sweta, kalamu nne.
Kalamu nne za nini, na mashine anayo?
Sikuuliza. Kalamu si silaha, nikampitisha.

Kisha mwanangu Darrell akasimamishwa kizimbani.
Siku ile sikuwa zamu, lakini nilivaa sare;
sikuwa na nguo nyingine ya heshima.
Jaji alipotaja miaka, tisa,
sikusema neno. Nimeisoma rekodi:
yumo jaji, wamo mawakili, yumo Darrell, "Ndiyo, mheshimiwa."
Mimi simo.

Nilikuja kujikuta Februari, maktabani,
alipokuwa akisoma kitabu cha tatu mbele ya watu tisa,
wawili wao wamekuja kuota moto.
Ukurasa wa arobaini na moja:
mlinzi amevua kofia,
amesahau kuivaa,
anaishika kwa mikono miwili
kama bakuli lililojaa hadi ukingoni.

Nilimngoja nje, theluji ikianguka.
Nilitaka kukasirika.
"Rekodi haikukuona," alisema,
"na mimi nilikuwa nakutazama."

Sasa amestaafu. Alhamisi tunakunywa kahawa.
Nikizungumza, vidole vyake vinagonga meza, polepole,
vinanukuu habari za goti langu, bei ya kuni,
barua ya Darrell.
Nikinyamaza, vinasimama.
Hapo ndipo anapoanza kupapasa mifuko ya sweta
akitafuta kalamu.