Yai Lenye Kifuniko

Bwana Dunnet ameingia na mvua ya Dundee mabegani,
kakumbatia sanduku la viatu.
Ndani, soksi ya sufu; ndani ya soksi, chupa ya maji moto;
na juu ya chupa, kinyonga wa pembe tatu
aliyefumba jicho moja mchana kweupe.

Kinyesi kakileta mwenyewe
katika kichupa chenye harufu ya jamu ya machungwa.
"Leo siku ya tisa hajala," asema.
"Nilidhani anazeeka tu, kama mimi."
Aliendesha basi miaka thelathini na moja.
Mkewe alipotangulia mbele ya haki, akanunua kinyonga,
maana hapigi kelele, na hutazama pande mbili kwa pamoja
kama dereva yeyote wa maana.

Daktari Ishbel ananikabidhi kichupa bila neno.
Chumba changu ni cha nyuma, dirisha latazama mapipa,
hadubini ina skrubu moja iliyolegea.
Nilipompigia mama simu kumweleza kazi yenyewe,
alikaa kimya, kisha: "Mavi, Shekiondo? Na ada zote zile?"

Mama, mnyama wa porini haugui hadharani.
Hung'ang'ania tawi, huvaa kijani chake cha sikukuu
hadi siku ya kuanguka.
Kwa hiyo yeye hatumuulizi.
Tunauliza alichokiacha.

Nakoroga kwa maji ya chumvi, nangoja dakika kumi.
Vyepesi vyaelea: mayai ya minyoo ya kawaida,
wapangaji wa siku zote, wasiomsumbua mwenye nyumba.
Ningeweza kuandika hapo, nikanywe chai.
Lakini yapo mambo yasiyoelea.
Nachukua kilichobaki, naosha, naacha vizito vizame,
namwaga maji, naosha tena.
Tone moja la tope. Kioo.
Nalipita mstari kwa mstari, kwenda na kurudi,
kama anayepalilia.

Hilo hapo.
Yai la hudhurungi, na nchani
kifuniko.

Yai hili halimwingii kinyonga moja kwa moja.
Sharti limpitie konokono, kisha mdudu,
ndipo ulimi umdake mdudu.
Wala si konokono wa kabichi za Dundee:
ni yule wa majani yaliyooza chini ya ukungu,
mdogo kama kifungo cha shati.

Kwenye fomu, duka liliandika:
Kazaliwa kizimbani, Leeds.

Narudi kwenye yai.
Yai halijawahi kufika Leeds.

Nawajua konokono wale.
Tuliwakanyaga pekupeku tukienda shule, juu ya Soni,
viatu mkononi visije vikala tope.
Na wavulana walipita na foronya za mito
wakiuliza nani kaona wenye pembe.
Mara moja nilinyoosha kidole.
Nilipata hela ya daftari, na chenji ya karanga.

Si huyu, najua. Kinyonga haishi miaka ishirini.
Naijua hesabu hiyo. Nimeirudia mara tatu
huku nikikaza skrubu isiyokaza.

Nikaandika: minyoo bapa, mayai yenye kifuniko.
Na chini, pasipokuwa na kisanduku cha kujaza:
huyu alikamatwa.

Bwana Dunnet alisoma kwa kidole, polepole.
Sikungoja aulize kuhusu Leeds.
Dawa ipo, nikamwambia, ila kwa viumbe hawa
dawa hubahatisha.
Akaitikia kwa kichwa. Kisha:
"Huko kwao, usiku kuna baridi?"

Baridi, nikasema. Tulilala na mablanketi mawili.

Akanyamaza.
Kumbe miezi yote hii kamwashia taa usiku kucha
asije akatetemeka.
Akaingiza mkono sandukuni, taratibu,
akaitoa ile chupa ya maji moto,
akabaki ameishika, hajui pa kuiweka.