Friza Namba Mbili

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Hapa Viljandi tunaithibitisha kila asubuhi:
mashine inaizungusha dakika kumi,
wekundu unazama chini, umechoka,
juu yanabaki maji ya rangi ya asali changa,
nami nayafyonza, nayagawa
katika vichupa vidogo kuliko kidole cha mtoto,
nabandika mistari myeusi isomwayo na mashine tu.
Jina haliingii humu. Jina hubaki mlangoni, kama viatu.

Ghala ni moja, wenyewe ni wanne:
hospitali mbili, chuo kikuu, na taasisi ya saratani
ambayo haijawahi kulipia umeme kwa wakati.
Wanagombania rafu
kama wapangaji wanavyogombania kamba ya kuanikia.
Daktari Urve ana droo kumi na mbili za figo,
na kila mwezi anaomba ya kumi na tatu.
Mimi, Leelo, ndiye mwenye funguo,
kwa hiyo mimi ndiye mbaya wa wote.

Januari alikuja mzee Heldur kutoka Kõpu,
mfuga nyuki, theluji ikimyeyukia mabegani.
Akatoa kadi mbili zilizofifia, akazipanga mezani
kama mtu anayecheza karata zake za mwisho.
"Tulitoa damu siku moja, mimi na Salme.
Viti vyetu vilishikana.
Yeye alizimia, mimi nikacheka.
Sasa ni miezi saba tangu nimzike.
Namba zetu zinafuatana, tazama.
Je, na huko ndani?"

Nikatazama kwenye kompyuta, ingawa sikupaswa.
Sanduku lilijaa kwa Salme, tundu la themanini na moja, la mwisho.
Heldur alifungua sanduku jipya,
na sanduku jipya likapelekwa kwingine:
mke friza namba mbili, mume namba tano,
ukuta huu na ukuta ule,
kila mmoja na baridi yake.

Sikumwambia. Nilimsomea kanuni,
maana kanuni haina macho ya kulengwalengwa.
Vichupa havihamishwi kwa sababu ya mapenzi.
Aliinamisha kichwa, akaacha chupa ya asali kwenye kaunta,
asali iliyoganda, nyeupe, ngumu kama jibu langu.

Usiku mmoja wa Februari simu ikalia.
Namba tano inapanda: hasi sabini na mbili. Hasi sitini na nane.
Kompresa imekufa, fundi yuko Tallinn, barabara ni kioo.
Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia.
Mlinzi Tõnu, ambaye huogopa hata sindano,
alivaa glavu za bluu akanishikia mlango.
Masanduku mia mbili na sita, tukikimbia,
barafu kavu ikitoa moshi sakafuni,
kila sanduku popote penye nafasi,
figo kwa moyo, hospitali kwa chuo:
mipaka ya wakubwa ikayeyuka kabla ya damu.

Saa kumi alfajiri likabaki sanduku moja mkononi
na pengo moja, friza namba mbili, rafu ya tatu.
Sitasema nililitafuta pengo lile.
Sitasema pia kwamba lilinitafuta.

Nilijaza daftari: saa, joto, mahali.
Sababu ya kuhamisha: hitilafu ya mashine.
Kweli tupu.
Daktari Urve alipiga kelele juma zima.

Aprili nilimpigia simu Heldur kuhusu chupa yake.
Asali imelainika, nikamwambia,
niliiweka juu ya friza, kule nyuma,
ambako mota hupumua joto.
"Friza ipi?"
"Namba mbili," nikasema. "Hapo mlipo."
Neno lilikwisha ponyoka, na wingi wake wote.

Alinyamaza muda mrefu.
Nikasikia nyuki,
au pengine ilikuwa ni laini ya simu.