Visa Viwili, Watu Sitini na Mmoja

Mume na mke wa Madridi wameniandikia barua.
Wanataka kununua nyumba ya marehemu Olvido,
ile yenye paa la mawe na mtofaa uliopinda,
ila kwanza wanauliza: hapo Pandellada
kiwango cha uhalifu ni kipi?

Mimi ndiye karani. Nina mhuri, nina daftari.
Mwaka jana: kisa kimoja.
Kengele ya ng'ombe wa Belarmino
ilivuliwa shingoni usiku, ng'ombe akaachwa palepale
kama bibi harusi aliyeporwa kidani.
Mwaka huu: viwili.
Dizeli ya trekta ya kina Xuacu,
na kengele tena, ile mpya.

Basi uhalifu umepanda asilimia mia.
Nikigawa kwa watu sitini na mmoja,
nikazidisha hadi laki, kama wafanyavyo wakubwa wa Oviedo,
napata elfu tatu mia mbili sabini na tisa.
Tumewapiku majambazi wa mjini
kwa kengele na debe la mafuta.

Belarmino katia zizi kufuli.
Ufunguo kautundika msumarini, hapohapo mlangoni,
jirani asije akahangaika.

Miaka ile Eladia alianguka kwenye ngazi.
Alianguka Machi. Akaanguka tena
wiki ya kukamua matofaa.
Daktari akaandika: ngazi.
Padri akasema: pole, ngazi hizi.
Mimi nilikuwa msichana wa kupeleka maziwa.
Nikapita sebuleni, nikapita jikoni, nikachungulia chumbani:
nyumba nzima iko chini.
Haina ngazi.
Nikaweka maziwa mezani, nikarudi kwetu.

Daftari la miaka hiyo ninalo.
Sifuri. Sifuri. Sifuri,
kwa mwandiko mzuri wa karani aliyenitangulia.

Sasa Eladia ni mjane wa miaka themanini na miwili, na kuku tisa.
Kila asubuhi, kabla sijafungua ofisi, natazama dohani yake.
Moshi ukichelewa naenda kugonga.
"Wewe huna kazi?" huniuliza,
akinijaza mayai mkononi.

Nimewajibu wale wa Madridi:
Visa viwili. Funguo huning'inia nje.
Paa linavuja upande wa kaskazini.
Kisha, chini ya mhuri, nikaongeza kwa kalamu:
Mkihamia, tutaichungulia dohani yenu.
Msichukie.
Tulichelewa kuanza.