Jiwe Nambari Saba

Kila Januari, bahari ikiruhusu, naletewa mtu mmoja.
Hushuka kivukoni na begi la magurudumu
ambayo hayajawahi kukutana na kokoto zetu za Faroe,
na macho ya mtu aliyejibiwa ndiyo
baada ya hapana kumi na nne.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi sina subira hiyo. Humpa rola kabla ya chai.

Hapa palikuwa kiwanda cha minofu ya samaki.
Mifereji ya damu ingali sakafuni,
siku hizi inapitisha maji ya kuoshea mawe.
Ukaazi ni majuma kumi na mawili:
chumba juu ya karakana, jiko lenye sahani moja nzima,
posho ya kutosha mkate, nyama kavu ya kondoo,
na simu moja ndefu ya kulia.
Yote yameandikwa kwenye fomu, isipokuwa kulia.

Mwaka huu alikuja Bjørghild,
miaka ishirini na sita, kucha zimetafunwa.
Nikampa jiwe nambari saba, chokaa laini ya Bavaria,
zito kama kondoo dume aliyekataa kunyolewa.
"Lisugue," nikamwambia.
Mchanga, maji, sahani ya chuma ikichora nane,
nane, nane,
mpaka bega lianze kusema.

Maana jiwe lilikuwa na Teitur wa mwaka jana,
mama yake akianika soksi;
na chini ya Teitur, Rannvá na madaraja yake ya ukungu;
na chini ya Rannvá yule kijana mkimya, jina limenitoka,
aliyechora milango tu.
Mafuta hupenya. Unadhani umefuta,
kumbe umeshusha sakafu.

Juma la tatu akanigongea usiku.
"Marjun, mbingu yangu ina sikio."
Kweli. Kona ya kushoto, juu ya mawingu yake,
sikio la mama Teitur, na kipuli chake.
Karatasi thelathini za pamba zimeharibika,
na bei ya karatasi hapa ni bei ya samaki mzima.
Nikamwambia sugua upya.
Alikaa kwenye ndoo, akalitazama mpaka kukapambazuka,
kisha akakataa.
Akalizungushia sikio kisiwa kizima,
majabali, kondoo, nyumba yenye taa moja,
vyote vikinyamaza ili visikike.

Fomu inasema: msanii chipukizi,
asiyezidi miaka mitano tangu ahitimu.
Mimi sikuhitimu popote.
Niliijaza mara moja, kwa penseli. Nikawashia jiko.
Miaka kumi na tisa mkono huu umechapa
ndoto za watoto wa watu.
Jina langu ni alama isiyo na wino, pembeni chini;
lazima uinamishe karatasi dirishani ndipo uione.
Sina uchungu.
Au tuseme uchungu nao hupenya,
na mchanga ninao wa kutosha.

Kanuni ya mwisho: kila mmoja afute chake kabla ya kuondoka.
Wengine hulia, Teitur alipiga mluzi.
Bjørghild alisugua hadi saa tano usiku,
akaniita, mikono imevimba kwa baridi.
Jiwe lilikuwa jeupe kama sahani iliyolambwa.
Juu yake kalamu ya mafuta, mpya, haijachongwa.
"Kivuko ni saa mbili asubuhi," akasema.
"Usiku ni wako."
Akapanda ngazi, sikusikia mlango ukifungwa.

Nikapika chai. Ikapoa.
Nikafagia pasipo na taka.
Kulipokaribia kucha nikachukua gundi ya mgunga,
utomvu wa mti nisiowahi kuuona,
uliosafiri kuliko mimi,
nikaipaka kwa kiganja, polepole,
kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Wewe wa Januari ijayo,
ukipewa nambari saba,
usianzie kona ya kulia.