Busu la Juni

Mwezi wa Juni, Valdivia, mvua haina adabu,
nilikuwa na kidonda cha homa pembeni mwa mdomo,
kidogo, kama punje ya mtama.
Nikambusu Ailín kwenye kope, kalala.
Sikuwaza lolote. Nani huwaza abusupo?

Siku ya tisa akaungua.
Mkono wa kushoto ukaruka peke yake,
bakuli likaenda, supu ikaenda.
Wakamchoma sindano mgongoni, wakachota maji ya uti,
wakamkuta mgeni:
kirusi kile kile kilalacho midomoni mwa nusu ya mji.
Wiki tatu za dawa mshipani. Tukarudi nyumbani.

Nikakausha kuni. Nikamsuka.
Sokoni kwa samaki akahesabu simba-bahari watano,
akawaita babu, kwa ajili ya masharubu.

Kisha usiku mmoja hakulala.
Wala wa pili.
Vidole vikafuma uzi usiokuwapo,
ulimi ukatoka, ukarudi, kama unaonja hewa,
na maneno yakamhama moja moja:
kiatu, mvua, nipe,
na la mwisho, mama.

“Kirusi tumekitafuta, hakipo,” akasema daktari Quilodrán,
chai yake imepoa mkononi.
“Hawa ni walinzi wake mwenyewe.
Mwizi kakimbia zamani, wao bado wanavunja milango.”

Kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki ki damuni,
na kinaapa kwamba kinamlinda.

Wakatundika chupa ya kinga
iliyochujwa kutoka damu za watu maelfu.
Nikaihesabu matone hadi alfajiri:
humu mna dereva wa lori, mna mwalimu wa hesabu,
mna mtu aliyetoa damu apate siku ya mapumziko.
Ingieni, wageni. Waambieni askari wa mwanangu
huyu ndiye mwenye nyumba.

Nilimuuliza daktari juu ya lile busu.
Akatazama dirisha muda mrefu.
“Mimi pia hunitoka,” akasema, “kila baridi.”
Akagusa mdomo wake, akaenda wodi nyingine.

Oktoba. Tuko sokoni tena.
Anatembea kashika koti langu, mguu mmoja mvivu.
Simba-bahari anapiga miayo juu ya saruji.
Ailín ananyoosha kidole,
midomo inatafuta, inatafuta.
“Mbwa,” anasema.

Simsahihishi.
Nainama nimbusu, nasita,
nambusu juu ya kofia ya sufu.